Nani Aliyempiga Selous?

Tarehe 4 Januari 1917, mahali panapoitwa Beho Beho, kaskazini ya mto Rufiji, kapteni mmoja wa jeshi la Waingereza alikuwa mstari wa mbele na watu wake. Umri wake ulikuwa miaka 65, na alikuwa ameitimiza siku nne tu zilizopita. Jeshi la Wajerumani lilikuwa linarudi nyuma kuelekea mtoni, lakini halikuwa linakimbia ovyo. Liliacha walenga shabaha vichakani wamcheleweshe adui. Kapteni akainua darubini atazame risasi zinatoka wapi. Risasi moja ikampata kichwani, na hapo hapo mambo yakaisha.

Jina la kapteni huyo, ndugu msomaji, unalijua hata kama hujapata kusoma habari zake. Ni Frederick Courteney Selous. Lile pori kubwa la kusini ya Tanzania tulilokuwa tukilichora kwenye ramani zetu za skuli lilipewa jina lake mwaka 1922.

Na aliyempiga je? Huyo hana jina. Hana pori, hana mto, hana hata kichochoro cha mtaa kinachoitwa kwa jina lake. Makala hii nimeiandika kwa sababu yake, na kwa sababu ya sisi vijana tunaojidai kuwa siku moja tutaandika riwaya.

MCHEZO WA MITA

Hapa kwetu Kendwa, jioni wavuvi wakishapandisha ngalawa na watalii wakishamaliza kupiga picha za jua linalozama, vijana hukaa maskani wakazungumza. Mazungumzo hayana mpaka: mpira, mapenzi, bei ya petroli, nani kaenda Ulaya na nani karudi. Siku hizi kuna mazungumzo mengine yaliyoingia kupitia filamu na michezo ya simu, nayo ni habari za wadunguaji. Mdunguaji ni yule askari anayejificha mbali akapiga risasi moja tu ikamwangusha mtu, kama sisi tulivyokuwa tukidungua maembe ya watu, ila embe halina mama wa kulililia.

Washkaji wanazijua rekodi kama wanavyojua magoli ya ligi ya Uingereza. Hebu nizipange, maana hata mimi nimezifuatilia.

Mwaka 1967, katika vita vya Vietnam, Mmarekani Carlos Hathcock alifunga darubini juu ya bunduki nzito ya rashasha akampiga mtu kwa umbali wa mita 2,286. Rekodi ile ilikaa miaka 35. Mwezi wa Machi 2002, kule Afghanistan, Wakanada wawili wakaivunja mmoja baada ya mwengine: Arron Perry mita 2,310, na Rob Furlong mita 2,430. Mwaka 2009, Afghanistan hiyo hiyo, Mwingereza Craig Harrison akafika mita 2,475. Halafu mwaka 2017, nchini Iraq, Mkanada mmoja ambaye jeshi lake halikumtaja jina akafika mita 3,540. Mwaka 2023 Ukraine ikatangaza mita 3,800, na mpigaji alikuwa Viacheslav Kovalskyi, mtu wa miaka 58 aliyekuwa mfanyabiashara kabla ya vita.

Sasa tuzitazame mita hizo kwa macho ya hapa nyumbani. Kutoka Kendwa mpaka Nungwi ni kama kilomita tatu. Ina maana mtu aliyelala kifudifudi juu ya mchanga wetu anaweza kumwangusha mtu anayetengeneza jahazi pwani ya Nungwi, na yule fundi asiusikie mlio kabla ya kuanguka, kwani risasi husafiri mbele ya mlio wake. Kwa umbali kama ule wa Iraq, risasi huchukua karibu sekunde kumi hewani. Sekunde kumi ni muda wa kutosha mtu kuweka shoka chini, kujifuta jasho, na kuitikia salamu.

Na si kazi ya kubahatisha. Mpigaji hafanyi peke yake. Pembeni yake hulala mwenziwe mwenye darubini, ambaye kazi yake ni kupima umbali, kusoma upepo na kutazama risasi ilipoangukia ili ya pili isahihishwe. Risasi haiendi moja kwa moja kama uzi uliovutwa. Huanza kuanguka tangu inapotoka mtutuni, kwa hiyo kwa umbali huo inabidi kulenga juu sana ya kichwa cha mtu. Upepo nao husukuma. Mvuvi wa huku akiambiwa habari hizo hashangai, kwani anajua kaskazi ikivuma ubavuni huwezi kuelekeza chombo moja kwa moja kule unakotaka kufika, bali pembeni yake, na mkondo na upepo vikakufikisha. Mdunguaji naye anafanya hesabu ya baharia. Kwa mita nyingi namna hiyo hata mzunguko wa dunia unaingizwa katika hesabu, maana shabaha inasogea pamoja na ardhi wakati risasi iko angani.

Hapo ndipo washkaji huguna kwa mshangao, na sikatai, elimu yake inashangaza. Lakini hebu irudie ile orodha niliyoipanga juu. Imejaa mita, miaka na majina ya wapigaji. Je, umeona humo jina hata moja la aliyepigwa? Halimo. Katika orodha za rekodi aliyepigwa ni ule mwisho wa mita tu, kama ukuta unapoishia futi kamba ya fundi.

Beho Beho ni kinyume chake. Kule tunamjua aliyepigwa mpaka siku aliyozaliwa, lakini mpigaji hatumjui, wala hakuna aliyepima mita. Ndiyo maana kisa kile kimenikamata kuliko rekodi zote.

BAHARI YETU ILIVYOPIGWA KUTOKA MBALI

Kabla ya kwenda Rufiji, tukumbushane kwamba kupigwa kutoka mbali si habari ngeni kwetu Unguja.

Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari za Waingereza zilizotia nanga mbele ya Forodhani zilifungulia mizinga jumba la Sultani. Sayyid Khalid bin Barghash alikuwa amejitangaza mtawala bila ya ridhaa yao, na muda waliompa wa kushusha bendera ulikuwa umekwisha. Hazikutimia dakika arubaini na tano mambo yakawa yamekwisha. Vitabu vya dunia huviita vita vile vifupi kuliko vyote, na watu huvitaja kwa kucheka. Lakini katika muda ule wa kunywa kikombe cha chai na kuagiza cha pili, watu wapatao 500 upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja. Tofauti kubwa namna hiyo haikuletwa na ushujaa. Mmoja alikuwa na chombo kinachofika mbali na kupiga kwa nguvu, mwengine alikuwa na kuta za mbao na chokaa. Khalid mwenyewe alikimbilia kwa balozi wa Kijerumani, akapelekwa Dar es Salaam, akakaa huko mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1916.

Miaka kumi na minane baada ya siku ile, muuaji wa mbali naye akapigwa kutoka mbali. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Waingereza Pegasus ilikuwa imelala bandarini Unguja, injini zake zimefunguliwa zinatengenezwa. Ikatokea manowari ya Wajerumani Königsberg, nahodha wake Max Looff. Ikasimama umbali wa kilomita zipatazo tisa na kuanza kupiga. Mizinga ya Pegasus ilijibu, lakini makombora yake yakawa yanaanguka baharini kabla ya kumfikia adui. Fikiria hali ile: unamwona anayekuua, unampigia, na chako hakimfikii. Mabaharia 38 walikufa, na baadhi yao wamezikwa kisiwani Chapwani, kile ambacho wageni hukiita Kisiwa cha Makaburi. Watalii hupelekwa huko kuogelea.

Königsberg ikakimbilia wapi? Delta ya Rufiji. Ikajificha katika vijito vya mikoko, na Waingereza wakahangaika nayo miezi. Mwezi wa Julai 1915 walileta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zikaingia mdomoni mwa mto. Kwa kuwa msitu wa mikoko ulificha kila kitu, wapigaji hawakuiona shabaha yao hata kidogo. Ndege iliruka juu, na rubani na mwenziwe wakawa wanawapasha habari kombora limeangukia wapi: mbele kidogo, nyuma kidogo, kulia. Jaribio la kwanza, Julai 6, lilishindwa. La pili, Julai 11, likaimaliza Königsberg. Ndugu msomaji, huoni kwamba yule aliyekuwa ndegeni ndiye babu wa yule anayelala pembeni ya mdunguaji na darubini yake? Kazi ni ile ile, kumwonea mwengine ambaye macho yake hayafiki.

Mizinga kumi ya Königsberg haikuachwa mtoni. Wajerumani waliichopoa, wakaifunga magurudumu, na mamia ya watu wakaivuta kwa kamba kuvuka nchi nzima. Ukifika Mombasa, ingia Fort Jesus. Utaukuta mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus vimewekwa pale pamoja, kama wazee wawili waliogombana ujanani na sasa wanakaa baraza moja. Majina ya meli yapo. Majina ya walioivuta mizinga ile kwa mabega yao hayapo.

MAJI NA RISASI

Rufiji ile ile ina kisa kingine cha risasi, na bila ya kukijua hutamwelewa askari aliyelala kichakani mwaka 1917.

Mwaka 1904 na 1905, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji na kuwaambia kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Wengi tunamjua kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905, lakini vita vilikwisha kuwaka. Tarehe 30 Agosti mwaka ule maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge. Walikuwa na mikuki na magobori. Ndani ya boma mlikuwa na rashasha. Waliangushwa wengi kabla ya kufika mahali ambapo mkuki unaweza kurushwa.

Hapa nataka tusimame kidogo. Watu husema wale wazee walikuwa wajinga, eti waliamini maji yatazuia risasi. Mimi naona walikuwa wamelielewa tatizo lao kuliko wanaowacheka. Walijua kwamba kinachowamaliza ni umbali. Adui hakaribii, hakupi nafasi ya kumshika, anakuua huku yeye yuko salama. Ukikosa chombo cha kuuvuka umbali ule, utatafuta dawa ya kuuvukia. Vita vile viliendelea mpaka 1907. Wajerumani wenyewe walihesabu watu 75,000 waliokufa, wengi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto, na wanahistoria wa baadaye wanataja idadi kubwa zaidi ya hiyo mara kadhaa.

Mwaka 1914 Vita Vikuu vilipoanza, Wajerumani walikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 chini ya amri yao katika nchi hii, na wakaandikisha maelfu zaidi. Kundi kubwa la askari hao mwanzoni walipewa bunduki za zamani za Mauser, zilizotumia baruti ya moshi. Ukipiga risasi moja, wingu jeupe linapanda juu ya kichaka chako na kumwambia adui, "Nipo hapa!" Bunduki ya namna hiyo humuuza mwenyewe. Mambo yakabadilika mwezi wa Aprili 1915. Meli iliyopenya zuio la Waingereza iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na bunduki mpya zikaokolewa humo pamoja na risasi nyingi sana. Bunduki mpya hazikutoa moshi wa kumfichua mtu. Sasa askari aliyelala chini ya mti aliweza kupiga na kubaki kuwa sehemu ya kichaka.

MWINDAJI

Selous alikuwa mtu wa namna gani? Alizaliwa London tarehe 31 Disemba 1851, akafika Afrika ya Kusini akiwa na miaka 19, akaingia porini kuwinda ndovu. Bunduki yake ya kwanza ya kazi ilikuwa gobori kubwa ajabu, ambalo kwa teke lake likikupiga begani unaweza kuanguka nalo. Kwa gobori lile aliua ndovu 78. Gobori halifiki mbali, kwa hiyo ilikuwa lazima amsogelee mnyama mpaka karibu kabisa, na hapo ndipo alipojengea sifa yake ya ujasiri. Alivitolea vitabu safari zake. Mwaka 1890 aliwaongoza njia watu wa Cecil Rhodes kwenda kuitwaa nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Tusilifiche hilo: njia alizozijua kwa uwindaji zilitumika kunyang'anyia watu nchi yao. Wengi husema pia kwamba yeye ndiye aliyempa Rider Haggard sura ya Allan Quatermain, yule mwindaji ambaye babu zetu walimsoma skuli kwa Kiswahili cha Frederick Johnson katika Mashimo ya Mfalme Sulemani.

Vita vilipotokea alikuwa na zaidi ya miaka 60. Wakubwa walimkataa kwanza kwa sababu ya umri, halafu mwaka 1915 wakamchukua katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers. Kikosi kile kilikusanya kila aina ya watu waliozoea pori na safari. Malaria na kuhara viliwaangusha wengi kuliko risasi. Mzee Selous alidumu, akapata nishani, akafika Beho Beho.

Kuna jambo moja la kufikiria hapa. Mtu aliyetumia maisha yake yote kujificha vichakani, kusoma upepo, kunyamaza, kungoja mnyama ainue kichwa, ameuawa na mtu aliyejificha kichakani, akasoma upepo, akanyamaza, akangoja ainue kichwa. Mfini Simo Häyhä, aliyehesabiwa kuua askari wa Kisovieti zaidi ya 500 katika vita vya majira ya baridi vya 1939 na 1940, hakutumia darubini kwenye bunduki yake. Mojawapo ya sababu ni kwamba darubini humlazimisha mpigaji kuinua kichwa juu zaidi, na kioo chake humeta juani. Häyhä naye, pamoja na uhodari wote ule, alipigwa risasi ya taya mwezi wa Machi 1940, akapona, akaishi mpaka 2002.

Na Marekani, tarehe 9 Mei 1864, Jenerali John Sedgwick aliwakemea askari wake waliokuwa wanajiinamisha. Aliwaambia kwamba adui kwa umbali ule hawezi kumpiga hata tembo. Adui alikuwa karibu mita 900. Muda mfupi baadaye risasi ikampata jenerali chini ya jicho. Umbali huwadanganya wakubwa kama unavyowadanganya wadogo.

Selous alizikwa pale pale Beho Beho, chini ya mkwaju. Kaburi lina kibao chenye jina, cheo na tarehe. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 4 Januari 1918, mwanawe Freddie, rubani wa vita, aliuawa Ulaya. Tarehe moja, baba na mtoto. Riwaya ikiwa na jambo kama hilo mhariri atakurudishia, atasema umetia chumvi.

BWANA MSA ANGEFANYAJE?

Sisi Waunguja tumelelewa na Bwana Msa. Tangu Muhammed Said Abdulla alipotupa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, tumezoea kwamba mtu akiuawa, msomaji atulie tu, Bwana Msa atavuta kiko chake, atauliza maswali mawili matatu ya kipuuzi, na mwisho atamtoa muuaji hadharani kwa jina lake.

Mpeleke Bwana Msa Beho Beho. Ataanza kwa kuuliza: mpigaji alikuwa Mjerumani au askari Mwafrika? Vikosi vilikuwa na wote wawili, lakini walio wengi sana walikuwa Waafrika: Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wangoni, na wengineo. Atauliza: alipiga akijua anampiga nani? Haielekei. Kutoka kichakani ungeona kofia, darubini, na mkono unaoonyesha, basi. Darubini ndiyo inayosema "huyu mkubwa", na mlenga shabaha hufundishwa kumtafuta mkubwa. Atauliza tena: alipofika kambini jioni alisimulia nini? Na hapo Bwana Msa atakwama, kwa sababu aliyekuwa na kalamu kambini hakumwandika. Tarishi na madaftari ya vita yaliandika kilomita, risasi na vyeo. Waliosimulia zaidi upande wa Wajerumani walikuwa maofisa wao, na maofisa huandika habari za maofisa. Jemadari wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alimtaja Selous kwa heshima katika kumbukumbu zake. Mzungu alimkumbuka Mzungu, hata akiwa adui. Aliyevuta kidole alibaki "askari".

Inawezekana askari yule alikuwa mtoto wa miaka kumi siku boma ya Mahenge iliposhambuliwa. Inawezekana alimwona baba yake akinywa maji ya Ngarambe, kisha akakua akajiandikisha kwa wale wale wenye risasi, akiwa amejifunza kwamba katika nchi hii anayefika mbali ndiye anayeishi. Hayo siyasemi kama historia. Nayasema kama mtu anayetafuta mlango wa riwaya, kwa sababu historia imenifungulia uwanja wote huo kisha ikafunga mlango wa chumba kimoja.

KARIAKOO NA SANAMU

Basi waliokumbukwa wamekumbukwaje? Dar es Salaam, kwenye makutano ya barabara, iko sanamu ya askari iliyowekwa mwaka 1927, bunduki mkononi na singe imeelekezwa bandarini. Ni askari wa wote, kwa hiyo ni askari wa hakuna. Halafu kuna Kariakoo, jina ambalo watu hulitamka kila siku wakienda kununua nguo na simu. Limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi wanaokadiriwa kufika karibu laki moja walikufa katika vita vile, kwa njaa, maradhi na kuchoka. Hakuna mdunguaji aliyewahi kufikia hesabu hiyo. Mzigo na njaa viliua watu wengi kuliko bunduki zote za masafa marefu, lakini hakuna filamu ya mpagazi. Hata hapa Unguja tuna Kariakoo yetu, ya pembea za sikukuu, na sisi tumepanda pembea zile bila ya kujiuliza.

Pori la Selous nalo limebadilika. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori lile iligawanywa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kaburi la mwindaji sasa limo ndani ya hifadhi yenye jina la Mwalimu. Wapo waliofurahi na wapo waliolalamika. Mimi naona jambo moja tu: majina yanaweza kubadilishwa, kwa hiyo na yaliyokosekana yanaweza kutafutwa.

KWA WENZANGU WENYE KALAMU

Tanga ya zamani ilikuwa na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyeutunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki mrima wakati mambo yenyewe bado yana moto. Hakungoja mgeni aje amwambie kwamba kisa chake kinafaa kuandikwa. Alitaja watu, alitaja miji, alitaja mizinga. Tukiuliza kwa nini tunajua jinsi pwani ilivyohisi mwaka 1888 na 1889, jibu mojawapo ni kwamba palikuwa na mtu mwenye kalamu upande wa wanaopigwa.

Rafiki yangu mmoja wa maskani, nilipomsomea sehemu ya makala hii, aliniambia, "Sasa wewe unataka tusizungumze rekodi?" La hasha. Zungumzeni. Mita 3,800 ni mita 3,800, na anayependa hesabu apende. Ninachoomba ni kwamba kila ukitaja mita, uulize maswali mawili: huku mwanzo wa mita alilala nani, na kule mwisho alianguka nani? Mkanada wa mwaka 2017 hajatajwa, wa kwanza huyo. Aliyeanguka Iraq naye hajatajwa, wa pili huyo. Basi rekodi nzima ile ni namba iliyoning'inia hewani baina ya watu wawili wasio na majina.

Mwandishi hawezi kufanya kazi hivyo. Mdunguaji anafunzwa kumwona mtu kama shabaha, kwa sababu akimwona kama mtu mkono utatetemeka. Sisi ufundi wetu ni wa kinyume, tena mgumu. Inatubidi tumtazame yule aliye mbali, miaka mia moja na zaidi, kupitia moshi, vichaka na lugha za wageni, mpaka aache kuwa kidoa, awe na kovu mguuni, awe na deni kwa Mhindi wa dukani, awe na mtu anayemngoja.

Wazee wanaokumbuka waliyosimuliwa na askari wa Mdachi, na watu wa Keya, na wapagazi, wanazidi kupungua kila mwaka. Wengine ni wajukuu tu, wameshika kipande cha hadithi, jina la kijiji, wimbo wa kuchapia mwendo. Kama una babu au bibi wa Rufiji, Kilwa, Tanga, Tabora, au hata hapa Unguja ambaye watu wake walibeba mzigo au bunduki, mwendee wiki hii na daftari. Muulize majina kwanza, ndipo umuulize vita.